Familia za wanawake wa asili waliopotea Kanada: sisi majirani tuwasaidieje?

#1 Jirani wa Mto Mwekundu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote.

Ninaandika nikiwa Winnipeg, jimbo la Manitoba, ambako wengi wetu tuliofika kama wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na kwingineko tulipangishiwa nyumba za katikati ya jiji, hasa kuzunguka Central Park. Majirani zetu katika majengo hayo ni Waanishinaabe, Wakrii na Wametis, wenyeji wa ardhi hii tangu kabla haijaitwa Kanada. Watoto wetu wanasoma nao darasa moja, na nguo tunafua nao katika chumba kimoja cha chini ya jengo. Humo ndimo karatasi hubandikwa ukutani juu ya mashine, yenye picha ya binti au mama, urefu wake, alama ya chale mkononi, koti alilovaa mara ya mwisho na namba ya jalada la polisi. Wengi wetu huisoma, tukasema maskini, tukatoa nguo zetu tukaondoka.

Hoja yangu ni moja. Ndugu anapopotea, familia yake hugeuka kwa usiku mmoja kuwa mpelelezi, mwandishi wa habari, wakili na mchangishaji wa fedha, na yote hayo huku ikilea watoto alioacha. Msaada wa maana ni ule unaoipunguzia mojawapo ya kazi hizo bila kuinyang'anya uamuzi. Huruma pekee haipunguzi chochote, na msaidizi anayekuja na mpango wake mwenyewe huongeza mzigo.

Kwa wasiojua ukubwa wa jambo: mwaka 2014 polisi wa taifa, RCMP, walitoa ripoti iliyohesabu wanawake wa asili 1,017 waliouawa kati ya 1980 na 2012, pamoja na 164 waliokuwa hawajulikani walipo. Wanawake wa asili walikuwa takriban asilimia 4 ya wanawake wa Kanada, lakini walikuwa asilimia 16 ya wanawake wote waliouawa katika miaka hiyo. Tume ya taifa iliyoongozwa na Marion Buller, jaji mstaafu na mwenyewe ni mtu wa asili, ilianza kazi Septemba 2016 na kukabidhi ripoti tarehe 3 Juni 2019. Ilitoa miito 231 ya haki na ikatamka waziwazi kwamba yaliyotendeka ni mauaji ya kimbari. Ndugu na manusura 1,484 walitoa ushahidi mbele yake, na jambo lililojirudia katika ushahidi huo ni namna walivyopokewa siku ya kwanza walipokwenda kuripoti: waliulizwa kama binti yao ni mlevi, wakaambiwa yuko kwenye starehe zake na atarudi.

Hapa Winnipeg tumeyaona kwa karibu zaidi. Desemba 2022 polisi walitangaza kwamba mtu waliyekwisha kumkamata kwa mauaji ya mwanamke mmoja alikuwa ameua wengine watatu, na kwamba miili ya wawili huenda iko katika dampo la Prairie Green, kaskazini mwa jiji. Siku hizohizo wakasema hawatalichimba. Hebu fikirini familia inaambiwa mahali mama yao alipo na papo hapo inaambiwa kwamba hataondolewa hapo. Desemba hiyohiyo mabinti wa mmoja wa marehemu walikuwa Ottawa, mbele ya waandishi wa habari, wakidai mama yao atafutwe. Kambi ikapigwa kwenye dampo lingine, la Brady Road, ikapewa jina la mama huyo, na moto mtakatifu ukawashwa na kulindwa katika baridi ambayo wanaoijua Manitoba wanaielewa.

Upembuzi yakinifu uliosimamiwa na machifu wa Manitoba ulikadiria gharama ya kati ya dola milioni 84 na milioni 184, na muda wa hadi miaka mitatu. Julai 2023 serikali ya jimbo ilikataa ikitaja hatari ya asbesto kwa wafanyakazi, na uchaguzi ulipokaribia chama tawala kiliweka mabango ya kampeni yanayojisifu kwa kukataa huko. Sijawahi kuona siasa baridi kuliko ile. Oktoba 2023 kilishindwa, na Wab Kinew akawa mtu wa kwanza wa Mataifa ya Kwanza, kundi kubwa la watu wa asili wa nchi hii, kuongoza serikali ya jimbo nchini Kanada. Machi 2024 serikali ya taifa na ya jimbo zilitoa dola milioni 20 kila moja. Uchimbaji ulianza Desemba 2024: taka zilibebwa kwa malori hadi ndani ya jengo lililojengwa kwa kazi hiyo, zikatandazwa sakafuni, na watafutaji waliovaa barakoa na nguo za kinga wakazipekua kwa reki. Februari 2025 mabaki yalionekana, na Machi ilithibitishwa kwamba ni ya wale wanawake wawili. Mwezi huohuo mwanamke wa nne, ambaye hadi hapo wazee walikuwa wamempa jina la heshima kwa kuwa hakutambulika, alipata jina lake halisi, na familia yake ikajua.

Ninayasimulia kwa urefu kwa sababu yanaonyesha kilichofanya kazi. Familia zilishika usukani, na waliozisaidia walibeba kuni, supu, nauli, betri za simu na watoto. Ninaomba michango yenu, hasa ya walio karibu na jambo hili.

#2 Mama Furaha

Ahsante sana kaka kwa kuleta uzi huu. Mimi niko Winnipeg pia na nimewahi kupeleka chakula kwenye kambi ile pamoja na akina mama wa kanisa letu. Ninalotaka kuongeza ni adabu ya kufika, kwa sababu sisi tunajua kwetu msibani unaingia, unavua viatu, unakaa chini, unalia na wenyewe, kisha unaingia jikoni bila kuulizwa. Kule usiingie hivyo. Kwanza mtafute anayesimamia mahali hapo, umwambie wewe ni nani na umeleta nini. Moto ule mtakatifu usiutupie kitu chochote, hata kijiti cha kiberiti, na usiupige picha. Ukitaka kumwomba mzee dua au ushauri, mpelekee tumbaku kidogo mkononi, ndiyo desturi yao ya kuomba. Nilipomkabidhi bibi mmoja tumbaku yangu alinishika mkono muda mrefu, akaniuliza kwetu ni wapi na kama mama yangu yu hai.

Chakula nacho kiwe cha kuliwa kimesimama: maandazi yalikwisha kabla ya kila kitu, na chai ya tangawizi katika chupa kubwa. Pilau ilipoa kwa dakika chache na ikawa shida. Na vyombo visiwe vya kurudishwa, maana aliyefiwa hana nafasi ya kukumbuka sufuria ni ya nani.

#3 Mzee wa Kanuni

Wakuu, niruhusiwe kuwa tofauti kidogo. Ninaishi Ontario miaka mingi na nimesikia mara nyingi kwamba wengi wa wanawake hawa huuawa na waume au jamaa zao wenyewe, na kwamba wengine huishi maisha ya hatari barabarani. Je, si kweli kwamba tatizo liko ndani ya jamii yao, na sisi wageni tunajiingiza tusipohusika? Halafu dola milioni 40 kwa kutafuta maiti: zisingesaidia walio hai?

#4 Jirani wa Mto Mwekundu (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Nashukuru umeuliza wazi, kwa sababu hoja hiyo inasemwa sana chinichini.

Ripoti ileile ya RCMP ya 2014 inajibu sehemu ya kwanza. Miongoni mwa wanawake wa asili waliouawa, asilimia 29 waliuawa na wenzi wao. Kwa wanawake wengine wa Kanada ilikuwa asilimia 41. Kwa hiyo mume muuaji ni tatizo la nchi nzima, na kwa wanawake wa asili sehemu yake ni ndogo zaidi. Kinachozidi kwao ni kuuawa na mtu wa kufahamiana tu, asiye mume wala ndugu, asilimia 30 dhidi ya 19. Muuaji wa hapa Winnipeg alikuwa Mzungu mwenye chuki ya rangi, aliyewawinda wanawake katika makazi ya wasio na nyumba. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji manne ya kukusudia tarehe 11 Julai 2024.

Na hayo maisha ya barabarani, tuulize yalitoka wapi. Barabara Kuu namba 16 huko British Columbia, kati ya Prince George na Prince Rupert, kilomita zipatazo 720, inaitwa Barabara ya Machozi. Wasichana waliomba lifti kwa sababu hapakuwa na basi la kuwafikisha kliniki, shuleni au kwa bibi zao. Mkutano wa mwaka 2006 pale Prince George ulitoa mapendekezo 33, na usafiri wa umma lilikuwa mojawapo. Huduma ya mabasi ya kuunganisha vijiji ilianza 2017. Miaka kumi na moja, Mzee, kwa basi.

Kuhusu fedha, sitakubishia kwamba milioni 40 ni nyingi. Ila nakuuliza kama mtu wa pwani: mtumbwi ukizama na wavuvi wakajua mwili uko mwamba gani, kijiji chenu kingepiga hesabu ya petroli kwanza? Familia zisizo na mwili haziziki, haziendi arobaini, na haziwezi kuwaambia watoto kwamba mama hatarudi. Mtaalamu wa tiba ya familia Pauline Boss aliipa hali hiyo jina la msiba usio na hakika na ameitafiti tangu miaka ya 1970. Anaeleza kwamba hauponi kwa ushauri wa kusahau, kwa kuwa aliyebaki hajui anachotakiwa kukisahau. Kutafuta kwenyewe ni msaada kwa walio hai.

#5 Mswahili wa Tacoma

Habari za huko, ndugu zangu. Mimi niko jimbo la Washington, Marekani, upande huu wa mpaka. Huku tatizo la kwanza la familia ni kujua ni polisi wa nani anayehusika. Mwanamke akipotea ndani ya ardhi ya kabila, kuna polisi wa kabila, sherifu wa wilaya, polisi wa jimbo na FBI, na kila mmoja anaweza kusema si wangu. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1978 uliziondolea mahakama za makabila uwezo wa kuwashtaki kwa jinai watu wasio wa asili, hata kosa likitendeka ndani ya ardhi yao, na ni sehemu tu ya uwezo huo iliyorudishwa kwa sheria ya 2013.

Hesabu zenyewe zilikuwa hazikutani. Taasisi ya afya ya watu wa asili waishio mijini, iliyoko Seattle, ilionyesha katika ripoti yake ya 2018 kwamba mwaka 2016 taarifa 5,712 za wanawake na wasichana wa asili waliopotea ziliandikishwa katika mfumo wa polisi wa taifa, wakati hifadhidata ya Wizara ya Sheria ya watu waliopotea ilikuwa na 116 tu. Baadaye zikapitishwa sheria mbili za taifa, Oktoba 2020, na mwaka 2022 jimbo letu likawa la kwanza nchini kuwa na tahadhari maalumu ya kutangaza mtu wa asili aliyepotea, kama ile ya watoto waliotekwa inayolia kwenye simu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kusaidia familia upande huu: kaa nao siku ya kwanza na muulize kila ofisi kwa maandishi kama jalada ni lake. Kisha hakikisheni jina limeingizwa katika hifadhidata ya Wizara ya Sheria, kwa sababu mwananchi wa kawaida anaweza kuwasilisha jina huko bila kumngoja polisi.

#6 Karani wa Mahakama (mstaafu)

Ndugu wanajukwaa, upande wa Kanada niweke machache ya karatasi, maana hapo ndipo familia nyingi huchoka kabla ya wakati.

Hakuna sheria inayotaka mtu asubiri saa 24 ndipo aripoti. Mkiambiwa hivyo mapokezi, ombeni kwa upole kuonana na msimamizi wa zamu. Mwende wawili: mmoja aseme, mwingine aandike saa, jina la askari na namba ya jalada. Kazi ya kuandika ndiyo jirani anaweza kuifanya vizuri kuliko ndugu, kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Tangu mwishoni mwa 2016 Wizara ya Sheria ya Kanada imegharimia vitengo vya kuunganisha familia na taarifa, kila jimbo na kila eneo la kaskazini lisilo jimbo. Watumishi wake huzifuata kwa niaba ya familia taarifa zilizoko polisi, kwa mchunguzi wa vifo, mahakamani na katika idara za ustawi wa watoto. Wapo waliosubiri miaka kujua tu vitu vya marehemu viliwekwa wapi. Huduma hii haina malipo, na aliyepotea miaka ya 1970 anahudumiwa sawa na wa mwaka jana. Kwa maoni yangu ndiyo huduma yenye faida zaidi na isiyojulikana kabisa mitaani kwetu. Anayeijua na amwambie jirani.

Tangu 2018 upo pia mpango wa taifa wa vinasaba vya waliopotea. Ndugu wa karibu hutoa sampuli kwa hiari, ikalinganishwa na mabaki yasiyotambuliwa nchi nzima. Familia nyingi za asili haziiamini serikali na damu wala mate yao, na kwa historia ya watoto wao kunyang'anywa na kupelekwa shule za bweni siwalaumu. Msiwashinikize. Waelezeni tu kwamba mtoaji anaweza kuondoa ridhaa yake baadaye.

Mzazi aliyepotelewa na mtoto wa chini ya miaka 25 kwa sababu inayoelekea kuwa ya jinai, na amesimama kazi kwa muda kwa ajili hiyo, anaweza kuomba posho ya serikali ya taifa ya hadi wiki 35. Na kuhusu mali, pango na akaunti za benki za aliyepotea: Ontario, kwa mfano, mahakama inaweza kumtangaza mtu kuwa amekufa baada ya kutoonekana miaka saba. Hilo ni jambo zito sana kwa mama kulitia saini. Jirani asilitaje kamwe kabla familia yenyewe haijalitaja.

#7 Binti Zawadi

Samahani wakubwa zangu, nina swali. Mimi ninasambaza sana picha za waliopotea mtandaoni, kila nikiona nasambaza. Rafiki yangu wa kabila la Wakrii aliniambia nipunguze. Nilishangaa, maana nilidhani ndio msaada.

#8 Jirani wa Mto Mwekundu (mleta uzi)

Mwanangu Zawadi, kusambaza ni msaada, ila rafiki yako ana sababu. Sambaza tangazo lililotoka kwa familia au polisi, lenye tarehe na namba ya jalada, na usilifanyie marekebisho. Usiandike unachokisia, wala usiweke namba ya simu ya mama yake. Matapeli huzitafuta namba hizo, hupiga usiku wakidai wanajua alipo na kutaka pesa. Binti akipatikana hai, futa siku hiyohiyo. Ana haki ya kutafuta kazi na kupanga nyumba bila picha ile kumtangulia. Na michango ya fedha ipite pale tu familia ilipoelekeza, hata kama mchangishaji mwingine ana maneno matamu.

Kama una muda wa Jumamosi, kuna kazi zisizohitaji simu. Mwaka 2014, baada ya mwili wa msichana wa miaka 15 kutolewa katika Mto Mwekundu, watu wa kujitolea walianza kukokota minyororo yenye kulabu chini ya maji kwa mashua ndogo, na wengine kutembea kingo za mto wakitafuta. Doria ya Bear Clan, iliyofufuliwa baada ya kifo hicho, hutembea mitaa ya North End usiku. Wanaojiunga hupewa maelekezo kwanza. Huko utasikia vizuri zaidi nani anahitaji nini kuliko kwenye kurasa za mtandaoni. Tarehe 5 Mei vaa nyekundu kama unapenda, kwa kuwa magauni mekundu yanayotundikwa mitini yametokana na kazi ya msanii Jaime Black aliyeianzisha hapahapa, na familia hufarijika zikituona.

#9 Mzee wa Kanuni

Mleta uzi, marahaba. Nimesoma majibu yote. La mtumbwi nimelielewa. Sasa nieleze: muuaji amehukumiwa, miili imepatikana, wamezika. Kwa familia hizo msaada haujaisha?

#10 Jirani wa Mto Mwekundu (mleta uzi)

Haujaisha, Mzee, na hapa ndipo sisi majirani tunapopotea. Adhabu aliyopewa ni kifungo cha maisha, na anaweza kuomba msamaha wa masharti baada ya miaka 25. Kwa kuwa Mahakama ya Juu ilikataza mwaka 2022 kujumlisha vipindi hivyo, mauaji manne yanahesabiwa miaka ileile 25. Mfano upo British Columbia: yule mfugaji wa nguruwe wa Port Coquitlam, aliyehukumiwa 2007 kwa vifo vya wanawake sita na kushtakiwa kwa wengine ishirini, alifikia haki ya kuomba ruhusa za mchana Februari 2024, na ndugu wa marehemu walilazimika kukusanyika tena kupinga. Alikufa gerezani Mei mwaka huo baada ya kushambuliwa na mfungwa. Yale mashtaka mengine ishirini hayakusikilizwa kamwe, na familia za marehemu hao zimepigania vielelezo visiharibiwe.

Tena kuna jambo la kiutendaji. Familia haiarifiwi yenyewe kuhusu kuhamishwa kwa mfungwa wala tarehe ya kusikilizwa maombi yake. Lazima ndugu ajiandikishe kwa idara ya magereza au bodi ya msamaha, na abadilishe anwani kila anapohama. Wanaohama mara kwa mara ni hawahawa majirani zetu wa nyumba za kupanga. Kama unaijua familia yenye kesi iliyokwisha, waulize kama wamejiandikisha na anwani ni ya sasa. Fomu inajazwa kwa intaneti, na asiye na kompyuta anaweza kuijazia maktaba ya Millennium pale Donald Street, ambako kuna kompyuta za umma.

Kuhusu Brady Road, ambako mabaki ya mwanamke wa nne yanatafutwa, ombeni maelekezo kwa familia kabla ya kwenda. Mama Furaha, ukipika maandazi tena, naomba unijulishe siku moja kabla. Nina gari.